Kompyuta iliyofutwa upya ikikosa Wi-Fi: chanzo cha tatizo na namna ya kulitatua

Kompyuta iliyorejeshwa katika hali yake ya mwanzo huwa safi na nyepesi, lakini si ajabu ikawa pia imetengwa na ulimwengu. Alama ya Wi-Fi haionekani. Au inaonekana, ila mtandao wa nyumbani haumo katika orodha. Au mtandao unashikika, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Hali hiyo huwafanya wengi waamini kwamba mashine imeharibika. Katika matukio mengi mashine ni nzima. Kilichokosekana ni faili dogo, saa sahihi, au nenosiri lililoandikwa kwa kibodi iliyobadilika bila mwenyewe kujua.

Suala hili limepata uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa mfumo wa Windows 10. Wenye kompyuta zinazoweza kupokea Windows 11 wanahamia huko, wengine wanajaribu Linux, na safari hizo mara nyingi huanzia mahali pamoja: kuifuta mashine na kuanza upya. Aidha, kompyuta za mitumba zinazouzwa Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, nyingi zikiwa zimetumika kwanza Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, hufutwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa mwanafunzi anayesubiri kupeleka kazi yake chuoni, au mwenye kibanda cha kuchapa barua na kujaza fomu za serikali, kompyuta isiyo na mtandao ni cherehani isiyo na uzi.

Makala haya yanaeleza kinachosababisha hali hiyo na hatua za kuchukua, kuanzia zile zisizogharimu chochote.

Kinachotokea kompyuta inapofutwa

Ndani ya kila kompyuta mpakato mna kadi ndogo inayopokea na kurusha mawimbi ya Wi-Fi. Kadi hiyo haiwezi kuzungumza na mfumo wa kompyuta moja kwa moja. Inahitaji mkalimani, yaani programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Kila aina ya kadi ina draiva yake, na draiva ya kadi moja haiwezi kuihudumia kadi ya kampuni nyingine.

Kuna njia kuu mbili za kuifuta kompyuta ya Windows. Ya kwanza ni kuirejesha kutoka ndani, kwa kupitia sehemu ya mipangilio. Njia hiyo kwa kawaida huzihifadhi draiva zilizokuwamo, ndiyo maana matatizo yake ni machache. Ya pili ni kuweka mfumo mpya kabisa kwa kutumia flashi, jambo linalofanywa na mafundi wengi. Mfumo unaotoka kwenye flashi huja na draiva zile tu ambazo Microsoft ilizifungasha wakati toleo hilo lilipoandaliwa. Kadi iliyotengenezwa baada ya hapo, au kadi isiyo ya kawaida, hubaki bila mkalimani.

Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Windows inaweza kujitafutia draiva yenyewe kupitia intaneti, lakini intaneti yenyewe inaisubiri draiva hiyo. Mtumiaji anakuwa kama mtu aliyefungiwa nje huku ufunguo ukiwa mezani ndani ya nyumba. Suluhisho si kuvunja mlango, bali ni kutafuta dirisha lililo wazi, na dirisha hilo mara nyingi ni simu aliyonayo mfukoni.

Kwanza tambua ni tatizo lipi

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kutazama kwa makini kompyuta inaonyesha nini, kwa sababu kila dalili ina chanzo chake.

Dalili ya kwanza ni kutokuwapo kabisa kwa alama ya Wi-Fi, wala kitufe cha kuiwasha. Hapo chanzo kikuu ni draiva inayokosekana au kadi iliyozimwa.

Dalili ya pili ni Wi-Fi kuwaka na kuonyesha mitandao ya majirani, huku wa nyumbani ukikosekana. Hapo tatizo ni masafa ya mawimbi au mipangilio ya ruta.

Dalili ya tatu ni mtandao kuonekana lakini kukataa nenosiri. Chanzo huwa kibodi, au aina ya ulinzi wa mtandao ambayo kadi ya zamani haiitambui.

Dalili ya nne ni kompyuta kuunganishwa na mtandao, lakini kurasa hazifunguki. Hapo kadi na draiva vinafanya kazi, na cha kuchunguzwa ni saa ya kompyuta, anwani iliyopewa na ruta, au malipo ya intaneti yenyewe.

Swichi na hali ya ndegeni

Hatua ya kwanza ni ile inayosahauliwa kwa urahisi. Kompyuta nyingi mpakato zina kitufe katika safu ya juu ya kibodi chenye picha ya ndege au ya mnara unaorusha mawimbi. Kitufe hicho huzima mawasiliano yote ya pasiwaya, na huweza kuguswa bila kukusudia. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ya kusukuma ubavuni au mbele, ambayo haiwezi kuwashwa na programu yoyote ile ikiwa mkono wa mtu umeizima.

Ikiwa hali ya ndegeni imezimwa na bado hakuna Wi-Fi, kompyuta izimwe kabisa kisha iwashwe tena. Katika Windows, amri ya kuzima huacha baadhi ya mambo yamehifadhiwa ili kompyuta iwake haraka siku ya pili, wakati amri ya kuwasha upya huanza kila kitu mwanzo. Kwa hiyo ni bora kuchagua kuwasha upya, wala si kuzima na kuwasha kwa kitufe.

Kumtafuta mkalimani aliyekosekana

Windows ina ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyomo ndani ya kompyuta. Ukurasa huo unaitwa Device Manager, na unafikiwa kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, kisha kuchagua jina hilo katika orodha inayojitokeza.

Humo kuna kundi la vifaa vya mtandao. Ikiwa kadi ya Wi-Fi imo katika kundi hilo kwa jina lake, draiva ipo. Ikiwa haimo, na badala yake kuna kundi la vifaa vingine lenye jina Network Controller na alama ya mshangao ya manjano, hiyo ndiyo kadi inayosubiri draiva.

Kubofya mara mbili juu ya jina hilo huleta maelezo yenye nambari ya kosa. Nambari 28 maana yake draiva haijawekwa. Nambari 22 maana yake kifaa kimezimwa, na dawa yake ni kukiwasha papo hapo. Nambari 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi huashiria draiva isiyo sahihi.

Ili kujua draiva ipi itafutwe, njia rahisi ni kusoma modeli ya kompyuta, ambayo aghalabu huandikwa chini ya mashine, na kuitafuta katika tovuti rasmi ya kampuni iliyoitengeneza, kama vile HP, Dell, Lenovo, Acer au Asus. Kampuni hizo hutoa draiva bila malipo. Baadhi ya modeli, hata hivyo, ziliuzwa zikiwa na kadi za aina mbili au tatu tofauti. Hapo hutumika kitambulisho cha kifaa, kinachopatikana katika maelezo yale yale, sehemu ya Details, kwa kuchagua Hardware Ids.

Ndani ya kitambulisho hicho mna herufi VEN zikifuatwa na tarakimu za mtengenezaji. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, na 14C3 ni MediaTek. Kwa tarakimu hizo, na zile za kifaa chenyewe zinazofuata baada ya herufi DEV, mtumiaji hujua hasa anachokitafuta badala ya kubahatisha.

Daraja la kufikia intaneti

Kuna njia tatu za kuifikisha draiva kwenye kompyuta isiyo na mtandao.

Njia ya kwanza ni kebo. Kompyuta yenye tundu la kebo ya mtandao inaweza kuunganishwa moja kwa moja na ruta, na kwa kuwa draiva za kebo ni rahisi kupatikana ndani ya Windows, njia hii hufaulu mara nyingi. Kompyuta nyembamba za miaka ya karibuni, hata hivyo, nyingi hazina tundu hilo.

Njia ya pili ni simu ya Android na waya wake wa USB. Simu huchomekwa kwenye kompyuta, kisha katika mipangilio ya simu, sehemu ya mtandaopepe, huwashwa kipengele cha kusambaza mtandao kupitia USB. Windows huitambua simu hiyo kana kwamba ni kebo ya mtandao, bila kuhitaji draiva yoyote ya ziada. Ni muhimu kutofautisha jambo hili na mtandaopepe wa kawaida wa simu, kwani mtandaopepe huo husafiri kwa Wi-Fi, yaani kwa kadi ile ile isiyofanya kazi. Waya nao uwe wa kupitisha data. Baadhi ya nyaya za bei nafuu hupitisha umeme wa kuchaji peke yake, na zikitumika kompyuta haioni chochote.

Simu nyingi za Android zinapokuwa zimeunganishwa na Wi-Fi huweza kuisambaza intaneti hiyo kupitia waya, na hivyo kuokoa bando. Kwa wenye iPhone, kompyuta iliyofutwa mara nyingi huhitaji kwanza programu ya Apple ndipo iitambue simu, kwa hiyo ni afadhali kuazima simu ya Android kwa dakika chache.

Njia ya tatu ni flashi. Draiva hupakuliwa kwa kompyuta nyingine, huwekwa kwenye flashi na kuhamishiwa kwenye kompyuta yenye tatizo. Faili la draiva ya Wi-Fi kwa kawaida ni la makumi ya megabaiti, kiasi ambacho bando la siku moja hulimudu. Ikiwa faili hilo ni la programu, hufunguliwa kwa kubofya. Ikiwa ni mkoba wa mafaili, mtumiaji hurudi Device Manager, hubofya kadi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua kusasisha draiva, kisha huielekeza kompyuta kwenye mkoba huo.

Hapa bando linahitaji kulindwa. Mara kompyuta mpya inapoonja intaneti, Windows huanza kupakua masasisho yanayoweza kufikia gigabaiti kadhaa. Mara tu simu inapounganishwa, mtumiaji afungue mipangilio ya mtandao na kuuwekea alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, kipengele ambacho kwa Kiingereza huitwa metered connection. Windows huahirisha masasisho mengi inapojua hivyo, na bando hubaki kwa kazi iliyokusudiwa.

Windows 11 inapokwama mlangoni

Wapo ambao hawafiki hata kwenye ukurasa wa mwanzo. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, hutaka intaneti wakati wa kuandaliwa kwa mara ya kwanza. Tangu mwanzo sharti hilo liliyahusu matoleo ya nyumbani, na mwaka 2022 likaongezwa kwa matoleo ya Pro kwa matumizi binafsi. Kompyuta isiyo na draiva ya Wi-Fi husimama kwenye ukurasa wa kuchagua mtandao, na kitufe cha kuendelea hakibonyezeki.

Suluhisho ni lile lile la simu kwa waya wa USB, ambalo hufanya kazi hata katika ukurasa huo. Katika matoleo mapya zaidi, ukurasa huo una kitufe cha kuweka draiva kutoka kwenye flashi. Njia za mkato zilizokuwa zikisambazwa ili kuliruka sharti hilo zimekuwa zikifungwa na Microsoft moja baada ya nyingine, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanaweza yasifanye kazi katika toleo la sasa.

Mtandao wa nyumbani usipoonekana

Ruta nyingi za leo hurusha mawimbi katika masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi; yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini hupungua nguvu upesi. Kadi za zamani hupokea masafa ya 2.4 peke yake. Ruta iliyowekwa kurusha masafa ya 5 tu haitaonekana kamwe kwenye kompyuta yenye kadi kama hiyo, hata ikiwa juu ya meza moja. Mwenye ruta anapaswa kuwasha masafa yote mawili.

Jambo jingine linazihusu hasa kompyuta za mitumba. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia zenye nambari. Nchini Marekani, Wi-Fi hutumia njia ya 1 hadi ya 11, wakati sehemu kubwa ya dunia huruhusu hadi njia ya 13. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isiuone mtandao uliowekwa katika njia ya 12 au 13. Ikiwa simu zote za nyumbani zinauona mtandao na kompyuta moja haiuoni, ruta ihamishiwe njia ya 1, ya 6 au ya 11, kisha ijaribiwe tena.

Nenosiri sahihi linapokataliwa

Kisa hiki huwasumbua hasa wakazi wa Burundi, Rwanda na Kongo, ambako kibodi za mpangilio wa Kifaransa na za mpangilio wa Kiingereza hutumika bega kwa bega. Kibodi ya Kifaransa ina herufi A mahali ambapo ya Kiingereza ina Q, na Z mahali pa W. Herufi M nayo imehama, na nambari za safu ya juu hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa.

Kompyuta inapofutwa, huuliza upya mpangilio wa kibodi, na fundi mwenye haraka hukubali chaguo la kwanza analoonyeshwa. Matokeo yake, kitufe kilichoandikwa A kinaandika Q. Kwa kuwa nenosiri hufichwa kwa nukta, mwenye kompyuta haoni kinachoandikwa, na huishia kuilaumu ruta au kadi. Dawa ni kubonyeza picha ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku cha nenosiri na kusoma herufi zinazotokea. Zikiwa tofauti, mpangilio hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi, au kwa kuongeza kibodi sahihi katika mipangilio ya lugha.

Nenosiri likiwa sahihi na bado likikataliwa, tatizo linaweza kuwa aina ya ulinzi. Ulinzi uitwao WPA3 ulitangazwa mwaka 2018, na kadi nyingi zilizotangulia hapo zinaufahamu WPA2 wa mwaka 2004 tu. Ruta nyingi zina chaguo linalokubali vyote viwili kwa pamoja, nalo ndilo linalofaa katika nyumba yenye vifaa vya rika mbalimbali. Haifai kuondoa nenosiri kabisa ili kompyuta ipite, kwa sababu mtandao usio na ulinzi huwapa wapita njia nafasi ya kutumia intaneti ya mwenye nyumba na hata kuchungulia mawasiliano yake.

Kompyuta imeunganishwa, kurasa hazifunguki

Cha kwanza kutazamwa ni tarehe na saa. Kompyuta huhifadhi saa kwa betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya aina ya CR2032, iliyo kwenye ubao wake mkuu. Katika mashine iliyokaa ghalani kwa muda mrefu betri hiyo huwa imekufa, na tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti za kisasa hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba bado ni mwaka 2015 huviona vyeti vya leo kuwa ni vya uongo na hukataa kufungua kurasa. Saa ikirekebishwa, kurasa hufunguka. Saa ikipotea tena kila kompyuta inapozimwa, betri ibadilishwe.

Cha pili ni anwani. Ruta humpa kila anayejiunga anwani yake. Anwani hiyo huonekana kwa kufungua dirisha la amri na kuandika «ipconfig». Ikiwa inaanza na 169.254, maana yake ruta haikujibu na kompyuta imejipa anwani yenyewe. Mara nyingi inatosha kuizima ruta, kusubiri kidogo, kuiwasha, kisha kuunganisha upya.

Cha tatu ni mlango wa kuingilia. Mitandao ya hoteli, mikahawa na baadhi ya ofisi hutaka mtu ajitambulishe katika ukurasa maalumu. Vyuo vinavyotumia mtandao wa eduroam, vikiwamo vya Kenya na Uganda, hutaka jina na nenosiri la chuo. Simu huwa imeyakumbuka yote hayo tangu zamani. Kompyuta iliyofutwa imeyasahau.

Mwisho, ni busara kuhakikisha kwamba kifaa kingine kinapata intaneti katika mtandao huo huo. Ikiwa simu nayo haifungui kitu, kompyuta haina hatia, na kinachohitajika ni kulipia huduma au kumwita mtoa huduma.

Pale kadi yenyewe inapokuwa mbovu

Yapo matukio machache ambapo Device Manager haionyeshi kadi ya Wi-Fi kwa jina lolote, hata lenye alama ya manjano. Hapo yawezekana kadi imekufa, imelegea au iliondolewa na muuzaji. Fundi akifungua kompyuta ataiona kadi hiyo ikiwa na nyaya mbili nyembamba za antena. Waya uliochomoka huacha kadi ikifanya kazi, lakini kompyuta huona mtandao ikiwa karibu sana na ruta tu.

Kubadilisha kadi kunawezekana, ila kwa tahadhari. Baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyokuwamo katika orodha iliyokubaliwa na kiwanda. Njia isiyo na mashaka mengi ni kununua kipokezi kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kukijaribu dukani katika kompyuta yake mwenyewe, maana nacho huweza kuhitaji draiva.

Tahadhari na programu za kuokota

Mtu anayetafuta draiva kwa haraka hukutana na tovuti nyingi zinazoahidi kuitengeneza kompyuta kwa mbofyo mmoja. Baadhi ya programu hizo hudai malipo kwa kitu kinachotolewa bure, na nyingine hubeba virusi vya kuiba manenosiri. Kompyuta iliyofutwa ili iwe safi hujikuta imechafuliwa ndani ya saa moja. Draiva itoke kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kampuni iliyotengeneza kadi, au kwa Windows yenyewe, na si kwingineko.

Kabla ya kufuta kompyuta

Usumbufu wote ulioelezwa hapo juu unaweza kuepukwa kwa maandalizi ya dakika chache, kompyuta ikiwa bado nzima na yenye mtandao.

Kwanza, nakala ya mafaili binafsi ihifadhiwe nje ya kompyuta, kwa maana faili lililofutwa huwa gumu kurudi kuliko Wi-Fi.

Pili, draiva zote zihifadhiwe kwenye flashi. Dirisha la amri hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kisha huandikwa «pnputil /export-driver * E:\draiva», ambapo E ni herufi ya flashi na mkoba huo umekwisha kutengenezwa. Baada ya kufuta, amri «pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install» huzirudisha zote kwa mpigo mmoja, bila kuhitaji intaneti hata kidogo.

Tatu, modeli ya kompyuta, kitambulisho cha kadi na nenosiri la Wi-Fi viandikwe kwenye karatasi.

Nne, njia ya kufuta ichaguliwe kulingana na bando. Windows hutoa chaguo la kupakua mfumo mpya kutoka mtandaoni au kutumia mafaili yaliyomo tayari ndani ya kompyuta. Chaguo la kupakua huweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na umeme au mtandao ukikatika katikati, kazi huanza upya. Chaguo la mafaili ya ndani halihitaji intaneti. Kwa vyovyote, kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme na betri yake imejaa.

Anayepeleka kompyuta kwa fundi naye ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kuiacha: je, draiva zitahifadhiwa, na je, Wi-Fi itajaribiwa mbele yake wakati wa kuichukua. Fundi anayeijua kazi yake huyajibu yote mawili bila kusita. Na akiambiwa kwamba kadi imekufa na inapaswa kununuliwa nyingine, mwenye kompyuta aombe kwanza aonyeshwe ukurasa wa Device Manager. Nambari 28 ikiwa inaonekana hapo, kadi iko hai, na kinachohitajika ni draiva ambayo haiuzwi.